Nyota ya Mkia Juu ya Ukonongo

Mpagazi wa misafara ya Unyamwezi miaka ya 1880 alikuwa mtu wa alfajiri. Mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, haubebeki jua la utosi mwezi wa Septemba, wakati miti ya miombo imepukutisha majani na kivuli hakuna. Kwa hiyo watu waliamka gizani. Kirongozi aliita, baragumu ikalia, makaa ya jana yakapulizwa, kila mmoja akautafuta mzigo wake kwa kupapasa. Jua lilipochomoza, sehemu nzuri ya safari ya siku ilikuwa imeshaachwa nyuma. Ilipofika saa nne au saa tano asubuhi msafara ulitua, watu wakakata miiba ya boma na kwenda kutafuta maji.

Mwaka 1882 ratiba hiyo ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Tangu wiki ya mwisho ya Septemba hadi mvua zilipoanza kuziba anga, mojawapo ya kometi angavu kuliko zote za karne ile ilikuwa ikichomoza upande wa mashariki kabla ya jua, mkia juu, kichwa chini. Ulaya wengi walisoma habari zake gazetini kwanza, ndipo wakajikaza kuamka usiku wa baridi. Kwenye njia ya kutoka Tabora kwenda Ziwa Tanganyika hakuna aliyehitaji kuamshwa. Watu walikuwa wameshasimama, mzigo begani, na nusu ya safari ya asubuhi ikafanyika mbele ya nyota ile.

Njia ile ilikatisha Ukonongo, nchi ambayo leo mji wake mkuu ni Inyonga, makao ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi. Ramani ya sasa huielezea kwa misitu ya hifadhi na mizinga ya nyuki. Mtu akitoka Tabora kwenda kusini-magharibi, akapita Sikonge na Ipole, hukutana na miombo tupu kwa masaa mengi kabla ya kufika. Wakonongo ni ndugu wa karibu wa Wanyamwezi na majirani wa Wapimbwe, na sifa yao ya zamani ni kurina asali na kuwinda. Mwaka 1882 haikuwapo Inyonga tunayoijua. Yalikuwapo matemi madogo madogo, kila mmoja na boma lake la magogo, na katikati yao mapori ambamo mbung'o walitawala. Upande wa kaskazini-magharibi alikuwepo Mirambo wa Urambo, mashariki Nyungu ya Mawe wa Kiwele, wote wawili na ruga-ruga, wapiganaji wao. Mkonongo wa wakati ule alilala na silaha karibu.

Misafara mikubwa ilianza kuizoea njia hii kwa sababu ya vita. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kawaida ya Ujiji ilifungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, akazunguka kusini kupitia Ukonongo. Mapema 1872 wawili hao walipita tena nchi hiyo wakirudi Tabora, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Livingstone aliondoka Tabora kwa mara ya mwisho, akashika tena upande wa kusini-magharibi. Kisha mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold wa Pili, alijenga kituo Karema, ukingoni mwa ziwa. Tangu hapo shehena za nguo, shanga, baruti na barua zilikuwa zikitoka Tabora kwenda Karema, zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na zaidi sana kwa miguu.

Karema mwaka 1882 ilikuwa na msiba. Kiongozi wake, Kapteni Ramaeckers, alikufa Februari. Brussels ikamtuma Luteni Émile Storms kushika nafasi hiyo. Storms alitoka Zanzibar mwezi wa Juni na akafika Karema tarehe 27 Septemba 1882. Ukiziweka tarehe hizo kando ya kalenda ya anga, utaona kwamba kipande cha mwisho cha safari yake, kile cha Ukonongo, kilikwenda pamoja na siku kumi za ajabu kuliko zote katika maisha ya kometi ile. Siku aliyofika ziwani mwezi ulikuwa mpevu. Wakati mwezi unazama magharibi juu ya maji, upande wa mashariki mkia ulikuwa ukipanda kutoka nyuma ya miti.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi si Storms. Kusini mwa Tabora, mahali paitwapo Gonda katika nchi ya Ugunda, palikuwa na kituo kidogo cha Wajerumani waliofika bara tangu 1880. Mmoja, Richard Böhm, alikuwa mtaalamu wa wanyama. Punda milia wa Afrika Mashariki na ndege mmoja wa jamii ya keremkeremu wanabeba jina lake mpaka leo katika vitabu vya sayansi. Wa pili, Paul Reichard, alijiunga nao kwa fedha zake mwenyewe. Wa tatu, Dakta Emil Kaiser, alikuwa mwanafalaki. Kazi yake porini ilikuwa kupima mahali kwa kutumia nyota: usiku anapima kimo cha nyota inayojulikana, anasoma saa yake maalumu, anakaa karibu na taa akijumlisha na kutoa mpaka ijulikane kijiji kile kiko nyuzi ngapi kusini mwa ikweta. Ramani za kwanza za nchi hii zilitengenezwa hivyo, nyota moja moja, na watu waliokuwa wakitetemeka kwa homa.

Mwaka huo wa 1882 Kaiser alisafiri hadi Ziwa Rukwa, akafia huko kabla mwaka haujaisha. Kutoka Gonda kwenda Rukwa huwezi kukwepa miombo ya Ukonongo na tambarare ya Katavi. Msomi aliyesomea anga, miaka ishirini na ushee tu, alikuwa pembe hii ya dunia katika msimu ambao wanafalaki wenzake kila mahali walikuwa wakigombea darubini. Hakurudi kusimulia. Böhm naye alikufa Katanga mwezi wa Machi 1884, na barua zake zikachapishwa kitabu miaka minne baadaye. Reichard peke yake ndiye aliyeiona tena Ujerumani.

Sasa kometi yenyewe. Mabaharia na watu wa pwani za kusini waliiona mwanzoni mwa Septemba 1882. Alfajiri ya tarehe 8, William Finlay, msaidizi katika kituo cha falaki cha Rasi ya Tumaini Jema, aliiona akirudi nyumbani kutoka kazini, akaanza kuipima. Kila siku iling'aa zaidi na kulisogelea jua. Tarehe 17 Septemba ilikuwa karibu na jua kiasi kwamba Finlay na mwenzake Elkin waliifuata kwa darubini mchana, wakaiona inafika ukingoni mwa jua na kutoweka, kana kwamba imezimwa. Ilikuwa ikipita mbele ya jua, na mwili wake ulikuwa mdogo mno kuonekana juu ya mwanga ule. Siku iliyofuata watu wa nchi nyingi waliiona saa za mchana kwa macho matupu, wakiziba jua kwa kiganja au kwa kona ya nyumba. Septemba ni kiangazi Ukonongo, anga haina wingu. Inawezekana kabisa kwamba mtu aliyekuwa akirudi kisimani adhuhuri hiyo aliinua mkono kujikinga jua akaona kipande cheupe pembeni yake.

Ilipita kilomita zipatazo 460,000 tu juu ya uso wa jua. Kwa wanaofikiri hiyo ni mbali, jua lenyewe lina kipenyo cha kilomita karibu 1,400,000. Kometi ilipita ndani ya joto ambalo chuma hakistahimili. Tena hili halikuwa la kukisia. Huko Dun Echt, Scotland, Ralph Copeland aliuchambua mwanga wake akakuta alama za sodiamu na za chuma kilichogeuka mvuke. Mwendo wake pale karibu na jua ulizidi kilomita 450 kwa sekunde. Safari ya Tabora hadi Karema, ambayo mpagazi aliimaliza kwa wiki kadhaa kama hakukuwa na vita wala hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kubishania, kometi ingeimaliza kabla hujakamilisha kupiga chafya.

Haikutoka salama. Mwishoni mwa Septemba darubini zilianza kuonyesha kwamba kiini chake kimerefuka, kisha kwamba kimevunjika vipande vinne au zaidi, vimepangana kwenye mstari mmoja kama shanga uziani. Kwa macho matupu hilo halikuonekana. Kilichoonekana ni mkia, na mkia ulizidi kupendeza kadiri kometi ilivyojitenga na jua. Katikati ya Oktoba ilichomoza karibu masaa matatu kabla ya jua, katika eneo la nyota dhaifu kusini mwa kundi la Simba, na mkia wake ulienea nyuzi zipatazo ishirini. Mtu akinyoosha mkono mbele, ngumi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine ndizo zinazofunika urefu huo. Mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 12 Oktoba, kwa hiyo alfajiri za siku hizo zilikuwa giza totoro. Kilimia kilikuwa kimeshaegemea magharibi, Sirius iko juu, na mashariki, pale ambapo kila mwaka hakuna kitu cha kutazama, umesimama ufagio wa mwanga uliopinda kidogo. Hakuna darubini iliyohitajika. Palihitajika giza, anga safi, na sababu ya kuwa macho saa kumi usiku. Wapagazi, warina asali waliokesha na moshi wao, wanawake waliotwanga kabla ya jua, na walinzi wa maboma walikuwa na vyote vitatu.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa historia ya sayansi imezoea kuhesabu mashahidi kwa darubini zao. Kwa kweli ubora wa kutazama kometi kama hii hutegemea latitudo na saa ya kuamka. Kutoka latitudo ya karibu nyuzi saba kusini, nyota za mashariki hupanda karibu wima, na mkia ule ulioelekea mbali na jua nao ulisimama. London uliegemea upande, umefunikwa nusu na ukungu wa asubuhi na moshi wa makaa ya mawe. Aliyelala boma moja la Ukonongo mwezi ule aliona picha iliyo bora kuliko aliyelala karibu na kituo cha falaki cha Greenwich. Tofauti ni kwamba wa Greenwich aliandika.

Na huko Rasi hawakuandika tu. Mkuu wa kituo, David Gill, Mskoti, alisikia kwamba wapiga picha wa mtaani wamefaulu kuinasa kometi kwenye sahani za kioo za aina mpya, zile kavu, zilizokuwa nyepesi kushika mwanga kuliko za zamani. Picha zao hazikuwa na faida kwake, kwa sababu kamera ilisimama tuli huku dunia inazunguka. Akamwita bwana mmoja wa Mowbray, Allis, mpiga picha za watu. Wakaifunga kamera ya Allis, ya kupigia sura za wateja, juu ya darubini inayofuata mzunguko wa anga. Kati ya Oktoba na katikati ya Novemba 1882, Gill alikaa jichoni mwa darubini akiisahihisha kwa mkono, muda mwingine kwa zaidi ya saa moja bila kupumzika, wakati sahani inakusanya mwanga.

Kometi ilitokea vizuri. Lakini kilichomshtua Gill kilikuwa nyuma yake: nyota. Nyota nyingi mno, ndogo ndogo, zilizoonekana hata kupitia mkia wenyewe, zimejipanga kwenye kioo bila mtu kuzipima moja moja. Alielewa mara moja kwamba kazi ya kuorodhesha nyota za kusini, ambayo kwa jicho na kalamu ingekula maisha ya watu kadhaa, ingefanywa kwa kamera. Aliifanya, kwa kushirikiana na Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, aliyezipima sahani zilizotumwa kutoka Afrika. Orodha yao, iliyotoka kati ya 1896 na 1900, ina nyota 454,875. Upigaji picha wa anga kama kazi ya kila siku ya wanafalaki ulipata msukumo wake mkubwa Afrika, kwa kamera ya kuazima.

Rudi bara. Miaka miwili baada ya kometi, mambo yalianguka kwa pamoja kwa namna ambayo msimulizi yeyote angetamani kuyafunga kwenye ule mkia. Oktoba 1884 alikufa Kabaka Mutesa wa Buganda. Desemba alikufa Mirambo. Mwezi huohuo Nyungu ya Mawe akafa pia. Novemba ulifunguliwa mkutano wa Berlin, na kabla mwaka haujaisha Mjerumani Karl Peters alikuwa ameshatembeza karatasi zake za mikataba Usagara. Ng'ambo ya ziwa, Storms, ambaye sasa watu walimwita Bwana Boma kwa ngome yake ya Mpala, aliwatuma askari wake wakamuua mtemi Lusinga na kumletea kichwa chake. Fuvu hilo likaishia Brussels. Mwaka 1885 Leopold aliwaachia Mapadre Weupe vituo vya Karema na Mpala, akageuza macho Kongo.

Watu waliyafunga, bila shaka. Duniani kote nyota ya mkia imehusishwa na vifo vya wakubwa, tangu China hadi Roma, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika si tofauti. Allen Roberts, Mmarekani aliyeishi na Watabwa wa huko miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1982 makala nzima kuhusu kometi na vitu vingine vya kupita angani na jinsi Watabwa walivyovihusisha na kubadilika kwa tawala. Kwa upande wangu nina pingamizi moja la kihesabu tu. Kati ya kometi na kifo cha Mirambo kuna zaidi ya miezi ishirini na sita. Katika Unyamwezi ya karne ya 19, ukimpa mtabiri miezi ishirini na sita, lazima atapata mtemi aliyekufa, vita vilivyozuka na ndui iliyopita. Mwaka 1858 kometi ya Donati iling'aa jioni za Oktoba wakati wasafiri Waingereza Burton na Speke wakirudi kutoka Tabora kwenda pwani, nayo ingeweza kubebeshwa mizigo ileile. Utabiri wa aina hiyo haukosei kwa sababu haujiwekei tarehe.

Alichogundua mwanafalaki Heinrich Kreutz wa Kiel kinanivutia zaidi kuliko utabiri. Alipoihesabu njia ya kometi ya 1882, akailinganisha na ile kubwa ya Februari na Machi 1843, iliyoonekana mchana wakati Seyyid Said anatawala Zanzibar, alikuta zinapita karibu mstari uleule kulizunguka jua. Hazikuwa kometi moja iliyorudi, kwa kuwa mzunguko wake ni wa mamia ya miaka. Zilikuwa za ukoo mmoja, vipande vya kometi kubwa iliyopasuka zamani, kila kipande kikija kwa wakati wake na kupasuka tena. Ndiyo maana ile ya 1882 ilipasuka: ilirudia desturi ya nyumbani kwao. Setilaiti ya SOHO, iliyorushwa mwaka 1995 kulitazama jua, imeshawezesha kugunduliwa kwa kometi zaidi ya 5,000, na nyingi kati yake ni vijukuu vya ukoo huo, vidogo kiasi cha kuyeyuka jioni hiyohiyo.

Ndugu mmoja mkubwa alikuja tena Ukonongo katika msimu uleule. Septemba 1965 Wajapani wawili, Kaoru Ikeya na Tsutomu Seki, kila mmoja kwa darubini yake, waliona kometi iliyokuwa ikielekea juani. Ilipita karibu na jua tarehe 21 Oktoba, ikavunjika, na mwishoni mwa mwezi mkia wake mrefu ulisimama mashariki alfajiri kama ule wa 1882. Hesabu za mwanafalaki Brian Marsden zilionyesha kwamba hizo mbili zilikuwa kitu kimoja hadi karne ya 12 hivi. Mzee wa Inyonga mwenye miaka sabini leo, kama aliamshwa na mama yake kwenda shambani alfajiri za Novemba 1965, huenda aliona nusu ya pili ya kile walichokiona wapagazi wa Storms.

Mwaka 1910 ulileta kometi mbili. Ya kwanza, ya Januari, iligunduliwa na wachimba migodi wa Transvaal na ilionekana hata mchana. Ya pili ilikuwa kometi ya Halley, iliyotarajiwa, na tarehe 18 na 19 Mei dunia ilipita karibu na mkia wake au ndani yake. Marekani kulikuwa na watu waliouza vidonge vya kukinga sumu ya kometi. Ulimwenguni kote wazee wengi waliosema baadaye kwamba waliiona Halley kubwa na ya kutisha, kwa kweli walikuwa wakiikumbuka ile ya Januari. Mbili zimejumlishwa kuwa moja, na yenye jina ikameza isiyo na jina. Wakati huo nchi ilikuwa ya Wajerumani na reli ya kati ilikuwa bado haijafika Tabora. Ilifika 1912.

Inyonga, ambayo mwaka 1882 haikuwapo, ikawa mji kwa sababu ya mdudu. Malale yalienea katika mapori ya magharibi, na miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu waliotawanyika porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, miti ikafyekwa kuzunguka nyumba ili mbung'o wakose maficho. Inyonga ilikuwa mojawapo. Kufyeka kule kulikuwa na athari ndogo ambayo haimo kwenye ripoti za afya: watu waliozoea kuona vipande vya anga kati ya matawi walipata upeo wa macho.

Halley iliporudi, Aprili 1986, Rais Mwinyi alikuwa na karibu nusu mwaka madarakani na Inyonga ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Ulaya iliikosa karibu yote, kwa kuwa kipindi cha ukaribu wake kometi ilikuwa kusini sana. Tarehe 11 Aprili ilikuwa umbali wa kilomita milioni 63 hivi kutoka duniani, na kwa mtu wa Katavi ilipita juu angani karibu usiku kucha, mwezi ukiwa haupo. Hata hivyo, kusema kweli, ilikuwa doa la moshi. Aliyesikia redioni kwamba inakuja nyota kubwa alitoka nje, akatazama, akarudi kulala. Jina kubwa na sura ndogo: safari hiyo dunia ilikuwa upande mbaya.

Nyingine iliyokaribia kurudia alfajiri za 1882 ilikuja 2024. Kituo cha Purple Mountain nchini China kiliiona Januari 2023, kisha Februari ikaonwa na darubini ya ATLAS iliyopo Sutherland, Afrika Kusini, kwenye nyika kame ya Karoo, ambako wanafalaki wa Rasi walihamishia darubini zao kubwa wakikimbia taa za Cape Town. Kwa hiyo jina lake ni Tsuchinshan-ATLAS. Ilipita karibu na jua tarehe 27 Septemba 2024, na siku hizo ilionekana mashariki kabla ya mapambazuko, katika kona ileile ya anga kusini mwa Simba. Hii haikuwa ya ukoo wa Kreutz. Kukutana kwa tarehe na ile ya Storms ni bahati tu. Tena mkia wake kwa macho matupu ulikuwa mfupi, na moshi wa kuchoma mapori, ambao kila Septemba hutanda Katavi, ulikula sehemu.

Moshi si tatizo jipya. Taa ndizo mpya. Njia ya umeme wa kilovolti 132 kutoka Tabora kwenda Mpanda inapita Ipole na Inyonga, na lami imeshaunganisha Tabora na Mpanda. Sidhani kama kuna mtu Mlele atakayeomba umeme urudishwe, wala mimi sitamshauri. Ila nje kidogo ya mji, ukishaziacha taa za barabara kuu na kuingia kwenye njia za mizinga, giza bado ni lile la zamani, na Njia Nyeupe ya nyota bado inatupa mwanga wa kutosha kuona umbo la mtu.

Halley inarudi tena. Italipita jua tarehe 28 Julai 2061, na safari hiyo dunia itakuwa upande mzuri. Inatarajiwa kung'aa mara kadhaa zaidi ya 1986. Julai ni kiangazi Katavi, mavuno ya asali yanakaribia kwisha na mawingu ni haba. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Inyonga mwaka huu atakuwa na miaka arobaini na kitu.